KULEA MICHE YA MKONGE NYUMBANI
Mashauri kwa wakulima wa Handeni na Korogwe

Kila apitaye njia ya Segera kwenda Korogwe, au ile itokayo Mkata kwenda Handeni, huuona mkonge pande zote mbili. Mwingine umesimama kwa safu ndefu katika mashamba makubwa, na mwingine umeota ovyo mipakani mwa mashamba ya mahindi na katika mahame, wala hakuna akumbukaye ni nani aliyeupanda. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani ya kwamba mmea huu hauna haja ya kufundishwa. Mtu akitaka kuanza shamba lake, huenda mpakani na jembe, hung'oa machipukizi atakayoyakuta, makubwa kwa madogo, huyafunga mzigo, na siku ile ile huyachomeka shambani. Kwake yeye kazi imekwisha.

Katika baraza moja ya wakulima upande wa Handeni mzee mmoja alisimama akasema, "Bwana Shamba, mkonge nimeuona tangu utoto wangu. Nimeung'oa nikautupa juu ya mawe, na mvua iliponyesha ukashika mizizi pale pale. Mmea usiokufa wahitaji kulelewa kwa sababu gani?"

Nikamjibu, "Ni kweli, mzee wangu, haufi, na hilo ndilo la kuogopa. Hindi lako likifa, wajua mara moja kwamba umepata hasara, nawe waweza kupanda jingine. Mche mbovu wa mkonge haufi. Utakaa juu ya ardhi yako miaka minane au kumi ukitoa majani mafupi, nawe utaupalilia kila mwaka."

Mzee akacheka, akasema, "Kumbe ni kama mgeni asiyeaga."

Neno lake ni zuri, nami nimelichukua. Karatasi hii yaeleza jinsi mtu mwenye jembe, kisu na kiwanja kidogo karibu na nyumba yake awezavyo kulea miche yake mwenyewe, ili asimkaribishe shambani mgeni wa namna hiyo.

JAMII YA MKONGE

Mkonge ni katika mimea ile iwekayo maji ndani ya mwili wake, kama mshubiri, na mnyaa tupandao kuwa ua. Majani yake ni mazito na ngozi yake ni ngumu, hata jua la Januari katika nyika ya Handeni haliwezi kuyanyonya upesi. Mimea ya jamii hii yote hupenda jua na ardhi isiyotuama maji, nayo hufa zaidi kwa kuoza kuliko kwa kiu. Tena ina desturi moja ambayo kila apandaye hana budi kuijua: jeraha lake likauke kwanza. Ukikata tawi la mnyaa au chipukizi la mshubiri, uliweke kivulini siku kadhaa hata pale palipokatwa pafanye gamba, ndipo ulipande. Likipandwa bichi, uozo hupata mlango.

Jina lenyewe la mkonge ni la zamani kuliko mmea tuupandao leo. Wazee wa pwani waliuita mkonge ule mmea wa porini wenye majani marefu yaliyosimama, mengine yenye mabaka kama ngozi ya nyoka, ambao nyuzi zake zilitumiwa kwa kamba na mitego. Mkonge huo mwitu ungali ukiota vichakani, nao ni wa ajabu: jani lake likikatwa vipande, na kila kipande kikachomekwa mchangani upande wake wa chini ukiwa chini, huota mizizi na kuzaa mmea mpya. Mkonge wa shamba umerithi jina hilo, lakini haukurithi uwezo huo. Wako watu waliopanda majani yake wakayamwagilia maji miezi mitatu, wakavuna uozo. Jani la mkonge wa shamba haliwezi kuzaa hata likikatwa pamoja na kitako chake. Kizazi chake hutoka katika mlingoti na katika mizizi, basi.

VITOTO SITINI NA VIWILI

Mkonge wa shamba asili yake ni Mexico, na jina lake la kigeni, sisal, latokana na bandari moja ya Yucatán iliyosafirisha nyuzi hizo. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza vitoto 1,000 kutoka Florida katika Marekani. Vikapita Hamburg, vikavuka bahari tena, na vilipofika pwani ya kwetu vilivyokuwa hai vilikuwa 62 tu. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka ule ule kazi ya reli ilianza Tanga, nayo ilifika Korogwe mwaka 1902. Na popote ilipopita, mkonge uliifuata.

Nataka msomaji azitazame hesabu hizo kwa makini. Wasafiri 1,000 bila udongo wala maji ya kutosha, kwa majuma mengi, na bado 62 wakashika ardhi. Hakuna mche wa kahawa wala wa mchungwa uwezao kustahimili hayo. Tena kutoka katika hao wachache nchi nzima ilijaa, kwa kuwa mama mmoja akitoa mlingoti huweza kuzaa zaidi ya vitoto 1,000. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka mmoja. Baadaye nyuzi za viwandani zilishusha bei, mashamba mengi yakaachwa yakawa mwitu, na mwisho wa karne ile tani hazikufika 30,000. Tangu hapo kazi imeanza kuinuka tena, na safari hii wakulima wadogo wamo ndani yake, kama wale wa Hale, Magunga, Ngombezi, Mwelya na Magoma, wakatao mkonge wao wenyewe.

Lakini yale mashamba yaliyogeuka mwitu yametuachia urithi wa mashaka. Ndiyo yatupayo machipukizi ya bure.

WATOTO WA JUU NA WATOTO WA CHINI

Mkonge una vizazi vya namna mbili. Cha kwanza hutoka chini. Mizizi minene hutambaa ndani ya ardhi, ikatoa machipukizi kando ya mama, nayo huitwa maotea. Cha pili hutoka juu. Mkonge ukifika mwisho wa maisha yake hupeleka juu shina refu mfano wa mlingoti wa jahazi, mita 5 au 6, lenye matawi. Matawi hutoa maua, maua huanguka bila kuacha mbegu za kutegemewa, na mahali pale pale huchipuka vitoto vidogo vyenye majani na vifundo vya mizizi, tayari kwa safari. Vikikomaa huanguka vyenyewe, na mama hufa.

Watu hupenda maotea kwa sababu ni makubwa na yako karibu. Mtu huona ya kwamba chipukizi la futi mbili limempunguzia kazi ya mwaka mzima. Hapo ndipo hesabu ipoteapo. Maotea hayana umri mmoja. Moja ni la miezi sita, na jirani yake ni la miaka mitatu lililodumaa kivulini mwa mama, na kwa macho yote mawili huonekana sawa. Ukiyapanda pamoja, moja litakuwa tayari kukatwa na jingine bado; na yale yaliyokuwa yamezeeka yatatoa milingoti mapema, kabla hujapata faida. Shamba litakuwa na mapengo kama kinywa cha mzee.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo. Mkonge wa kawaida umepewa idadi ya majani yake. Hutoa majani 200 mpaka 250 katika maisha yake yote, ndipo utoe mlingoti na kufa. Haulipi deni. Jani lililotoka likiwa fupi limekwisha kutoka. Huwezi kuurudisha mmea ulitoe tena likiwa refu. Na mnunuzi hutazama urefu: singa za sentimita 90 na kuzidi ndizo ziingiazo katika daraja za juu, zilizo chini ya hapo hupata daraja za chini, na zilizo chini ya sentimita 60 hazina heshima. Basi mche uliodumaa huanza maisha yake kwa kutumia idadi yake kwa majani yasiyo na bei. Kitoto cha juu kilicholelewa kitaluni kikanenepa huingia shambani kikiwa na nguvu, na majani yake ya kukatwa huwa marefu tangu mkato wa kwanza.

Kama huna mlingoti karibu nawe kabisa, maotea yasidharauliwe. Illa uyachague madogo, ya kimo kimoja, kutoka kwa mama kijana aliye mzima, nayo pia yapite kitaluni kama wenzake.

KUMCHAGUA MAMA

Kwa kuwa kitoto cha mkonge hakitokani na mbegu, hakina baba. Ni kipande cha mama mwenyewe. Wema wa mama utakuwa wake, na ugonjwa wa mama huweza kuwa wake vilevile. Kwa hiyo kazi hii huanza mwaka mmoja kabla ya kitalu, kwa kutembea na kutazama.

Mtafute mama aliyetoa majani mengi na marefu kabla ya kutoa mlingoti. Aliyetoa mlingoti akiwa na majani machache, mwache. Atazamwe ukingoni mwa majani: mkonge mzuri una mwiba nchani, na ukingo wake ni laini, ukiona mmea wenye miba ya pembeni kati ya wenzake, usiuzalishe. Kisha yatazame majani yenyewe, juu na chini.

Katika wilaya zetu neno hili lina uzito wa pekee, kwa maana uko ugonjwa uliopewa jina la mji wetu. Wataalamu huuita madoa ya majani ya Korogwe. Huushika hasa mkonge chotara namba 11648, ule uliopatikana kwa kazi ya miaka mingi ya Amani na Mlingano, ambao leo wapandwa sana kwa sababu majani yake ni mengi mara mbili na zaidi kuliko ya mkonge wa kawaida. Jani huingia madoa, na singa zake hupata dosari. Njia yake kubwa ya kusafiri ni miche: mtu huchukua vitoto kutoka shamba lenye madoa akavipeleka kwenye ardhi safi, na pamoja navyo ameupeleka ugonjwa. Basi mama mwenye madoa, hata akiwa na majani marefu namna gani, asizalishwe. Usimwonee haya jirani akupaye bure. Mshukuru, nenda ukatazame shamba lake kwanza.

Mtu asiye na hakika na aulize Kituo cha Utafiti cha Mlingano, kilicho karibu na Ngomeni katika wilaya ya Muheza, au ofisa ugani wa kata yake. Mlingano imekuwa ikiuchungua mkonge tangu miaka ya 1930, na hapo swali kama hilo halitachekwa.

Mlingoti usikatwe mapema. Najua ya kwamba ni mti mwepesi na mzuri kwa banda la mbuzi, na mafundi huupenda ukiwa bado imara. Lakini ukikatwa kabla vitoto havijakomaa, umekula mbegu. Ngoja hata vianze kuanguka vyenyewe, ndipo uutikise, uvikusanye siku ile, kisha uuangushe ukajengee banda lako. Vile vilivyokwisha kulala chini siku nyingi katika majani, vikiota mizizi iliyojikunja, viache.

Katika vile ulivyovikusanya, fanya uteuzi wa kwanza papo hapo. Kitoto cha kufaa kina urefu usiopungua kidole cha kati cha mtu mzima, na majani sita au zaidi. Vidogo kuliko hivyo vitupwe. Wengi huona uchungu kutupa. Lakini mlingoti mmoja una vitoto kuliko uwezavyo kupanda, na huruma yako kwa kidogo itakugharimu nafasi ya kikubwa. Vilivyochaguliwa huweza kukaa kivulini, mahali pakavu penye hewa, majuma kadhaa bila kufa. Visirundikwe vikiwa na maji, vitaungua kwa joto lao wenyewe na kuoza.

KITALU

Ekari moja ya mkonge uliopandwa vizuri hutaka miche kama 2,000. Kwa kuwa baadhi itakataliwa, weka kitaluni 2,500. Hesabu ya kiwanja ni rahisi: mistari iwe sentimita 50 kutoka mmoja hadi mwingine, na katika mstari kitoto na kitoto kiwe na sentimita 25. Hivyo kila mita ya mraba hubeba vitoto 8, na kiwanja cha mita 16 kwa mita 20 hutosha. Mita ni kama hatua moja ndefu ya mtu mzima. Asiye na kamba ya kupimia na apime kwa miguu. Kiwanja hicho huenea nyuma ya nyumba nyingi za Handeni, hata baada ya kuacha nafasi ya kuku.

Mahali pawe wazi, jua lipate tangu asubuhi hata jioni. Chini ya mwembe hapafai. Pawe na mteremko kidogo. Palipotuama maji wakati wa masika hapafai kabisa, na hasa kwa chotara 11648, ambao katika ardhi yenye maji hushikwa na uozo wenye mistari, uitwao ugonjwa wa pundamilia. Pasiwe mahali palipokuwa na mkonge wa zamani, wala pasiwe karibu na visiki vyake vinavyooza. Sababu yake nitaieleza mbele.

Lima kwa kina mwezi mmoja kabla ya mvua, ung'oe sangare na ndago mpaka mizizi ya mwisho. Naomba msomaji asipite neno hili haraka. Kitoto cha mkonge hukua polepole sana miezi ya kwanza, wala hakina majani mapana ya kuyafunika magugu. Kitalu kilichoachwa bila kupaliliwa katika masika moja tu kimeharibika, na hata kikipaliliwa baadaye miche yake itabaki imedumaa. Nimeona vitalu vingi vibaya. Vilivyoharibiwa na ukame ni vichache, vilivyoharibiwa na majani ni vingi. Palilia kwa mkono karibu na mche na kwa jembe dogo katikati ya mistari, kwa maana mizizi yake iko juu juu nayo hujeruhiwa upesi.

Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Wakaao karibu na korona wana bahati, kwa kuwa takataka za mkonge zilizokaa zikaoza ni chakula kizuri cha kitalu. Tena kuna majivu ya jikoni, ambayo wake zetu huyamwaga kila asubuhi nyuma ya jiko. Mkonge hupenda chokaa, nao unapokosa potashi majani yake hunyauka kwa ukanda karibu na kitako hata yakavunjika na kulala. Majivu ya kuni yana vyote viwili. Mama wa nyumba na aombwe ayamwage kitaluni, kidogo kidogo, kati ya mistari, yasiangukie moyo wa mche.

Panda mvua zinapoanza. Chimba kijishimo kwa kijiti, weka kitoto kisimame, udongo ufunike kitako na mizizi tu, sentimita mbili au tatu, kisha ushindilie kwa vidole. Moyo wa mche, pale majani machanga yatokeapo, usiingie udongo hata chembe. Ukiingia, mche huoza kutoka ndani. Kitoto kilichopandwa juu juu huanguka, nawe waweza kukisimamisha tena, kilichozikwa hakirudi.

Juu ya maji sina mengi ya kusema. Mvua zikichelewa baada ya kupanda, mwagilia mara moja kwa juma hata mizizi ishike. Baadaye acha. Watoto wa shule hupenda kumwagilia kila jioni kwa moyo mwema, na mkonge hufa kwa wema huo.

ADUI MMOJA

Wadudu wa mkonge si wengi, lakini yuko mmoja aliyefuata mmea huu kutoka kwao Amerika, naye ni fukusi wa mkonge. Ni mdudu mweusi, urefu wake kama sentimita moja na kidogo, mwenye mdomo mrefu uliopinda. Hupenda kukaa katika visiki na mashina yanayooza, na hapo hutaga. Buu lake hula ndani ya shina la mche mchanga, na mwenye kitalu haoni kitu mpaka siku majani ya katikati yalegeapo. Akivuta, moyo wote hutoka mkononi.

Mche wa namna hiyo ung'olewe na kuchomwa moto siku ile ile. Kwa kinga, ondoa visiki vya mkonge mzee vilivyo karibu, uvipasue na kuvikausha juani au kuvichoma. Waweza pia kumtega: weka vipande vibichi vya shina la mkonge pembeni mwa kitalu, na kila asubuhi uvigeuze, uwakusanye fukusi waliojificha chini yake. Kazi hii yafaa watoto, na kuku watashukuru. Zamani kulikuwa na dawa za unga zilizonyunyizwa vitaluni, kama vile aldrin, ambazo baadaye zilipigwa marufuku kwa sababu ya sumu yake kukaa katika ardhi na katika miili ya watu. Mtu akikuletea chupa au mfuko wa zamani kutoka ghala lililoachwa, usiutumie.

KUTOKA KITALUNI

Miezi 12 mpaka 18 ikiisha, mche mzuri utakuwa na kimo cha sentimita 40 au zaidi na kitako kinene. Kabla hujaung'oa hata mmoja, jiulize swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwanzo: majani haya yatachakatwa wapi? Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama. Katika kilo 100 za majani singa kavu ni kama kilo 4. Tena jani lililokatwa halingoji, yafaa lifike korona siku ile au kesho yake. Mwenye shamba karibu na Ngombezi hana shida kubwa. Mwenye shamba katika vijiji vya mbali vya Handeni, asiye na korona wala mashine ndogo karibu, akipanda ekari tano atakuwa amepanda mzigo wa kubeba. Huyo na alee miche, apande ekari moja, au aungane na wenzake kwanza wajue gari na mashine vitatoka wapi. Sisemi hivi kumvunja mtu moyo. Katika miaka ya ukame, mahindi yanaponyauka mpaka Sindeni, mkonge ndio usimamao, lakini haupikwi.

Kama jibu lipo, ng'oa miche kabla ya mvua. Ipange mafungu matatu kwa ukubwa, na kila fungu lipandwe mahali pake, ili wakatwao pamoja wawe wenzi. Kata mizizi ya zamani ibaki mifupi, kwa kuwa mche utaota mipya, uondoe majani makavu ya chini, kisha uache miche kivulini siku chache ikauke majeraha. Mche wenye doa, wenye kitako chembamba, au uliopinda moyo, usiende shambani hata ukiwa mrefu.

Shambani panda kwa safu mbili mbili: mita 1 kati ya safu pacha, mita 4 za njia kati ya jozi na jozi, na sentimita 80 kutoka mche hadi mche. Hapo ndipo zipatikanapo zile 2,000 za ekari. Njia ile pana si ya kupoteza. Miaka miwili ya kwanza yapokea kunde, maharage au mahindi, nawe upaliliapo chakula chako umeupalilia na mkonge. Mkato wa kwanza huja mwaka wa pili au wa tatu baada ya kupanda, majani ya chini yanapoanza kulala.

Miche mia tatu au nne itakayosalia kitaluni isitupwe wala isigawiwe upesi. Iache pale mpaka masika ijayo, kwa maana katika shamba jipya mingine italiwa na fukusi, mingine itakanyagwa na ng'ombe, na pengo hujazwa vizuri kwa mche wa umri ule ule. Mapengo yakiisha, ndipo mwite jirani yule aliyetaka kukupa maotea ya bure, umpe yeye iliyobaki, apande mpakani.